Mtoto anapouliza Barabara ya Kilwa inaishia wapi

Dar es Salaam. Mtoto wa Mbagala hulijua jina la Kilwa kabla hajajua kusoma. Analisikia kwa kondakta, analisikia mama akielekeza bodaboda, analiona kwenye vibao daladala ikitambaa kutoka Kurasini kupitia Mtoni, Rangi Tatu hadi Kongowe. Kisha siku moja, foleni ikiwa imegoma kusogea pale Mtoni kwa Azizi Ally, linakuja swali: "Mama, Kilwa ni nani?"

Si swali la kuchekwa. Barabara kubwa za jiji hili zina majina ya watu: Nyerere, Mandela, Sam Nujoma, Ali Hassan Mwinyi. Mtoto amepiga hesabu yake vizuri tu. Wazazi wengi hujibu kwamba Kilwa ni mji uko huko kusini, basi. Jibu ni sahihi, ila limeacha kitu kikubwa nje. Ukiifuata barabara hiyo zaidi ya kilomita 300, ukapita Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri na Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji, ukakata kushoto Nangurukuru hadi Kilwa Masoko, kisha ukapanda boti ukavuka mkono mfupi wa bahari, unafika kisiwani kwenye msikiti ambao ulianza kujengwa karibu miaka 900 iliyopita.

Unaitwa Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani. Ni miongoni mwa misikiti mikongwe zaidi ya mawe iliyobaki katika pwani ya Afrika Mashariki, na kwa muda mrefu ulikuwa mmoja wa mikubwa zaidi. Baba anayemfundisha mwanawe historia ya darasa la tano anaweza kuanzia hapo, hata kama hana nauli ya kwenda kusini mwezi huu.

Kila kitu kilitegemea urefu wa boriti

Msikiti huu una sehemu mbili, na mgeni anaweza kuzitofautisha kwa macho. Upande wa kaskazini, penye mihrabu, ndiko kwa zamani zaidi. Ulijengwa kati ya karne ya 11 na ya 12. Ni ukumbi mdogo, uliokuwa na paa bapa lililobebwa na nguzo tisa. Hakuna mnara, na mtoto aliyezoea misikiti ya Kariakoo atautafuta tu. Misikiti mingi ya kale ya pwani haikuwa na minara.

Kitu cha kumweleza mtoto hapa ni ukubwa wa nafasi kati ya nguzo na nguzo. Ni ndogo. Sababu yake iko kwenye mikoko. Mafundi wa pwani walitandika boriti za mikoko kutoka ukuta hadi nguzo, wakapanga mawe juu yake, wakamwaga chokaa na kokoto, wakashindilia. Boriti ya mkoko ni ngumu kama chuma na mchwa huiogopa, lakini haina urefu. Ikishaingizwa ukutani pande zote mbili, inabaki kama mita mbili na nusu hadi tatu za kuvuka. Ukitaka chumba kipana zaidi ya hapo, huna budi kuweka nguzo katikati. Ndiyo maana nyumba za kale za Lamu, Unguja na Kilwa zina vyumba virefu na vyembamba. Mti wa ufukweni ndio uliowapimia watu upana wa vyumba vyao.

Mawe yenyewe yalitoka baharini. Tumbawe likichimbwa likiwa bichi huwa laini kiasi cha kuchongwa kwa patasi, hata likatiwa nakshi za mihrabu. Likikaa juani hukaza. Vipande visivyofaa kuchongwa vilipangwa kwenye tanuri la magogo, vikachomwa mpaka vikawa chokaa. Kwa hiyo ukuta, plasta na nakshi vyote vilitoka kwenye mwamba uleule ambao wavuvi walitegea samaki. Hakuna meli iliyoleta saruji.

Sultani aliyetaka kikubwa zaidi

Mwanzoni mwa karne ya 14 Kilwa ilikuwa na fedha. Dhahabu kutoka bara, maeneo ya Zimbabwe ya leo, ilishuka hadi bandari ya Sofala katika Msumbiji ya sasa, na Kilwa ilishika njia yake kwenda Arabuni, Uajemi na India. Sultani wa wakati huo, al-Hasan bin Sulaiman, alijenga jumba la Husuni Kubwa juu ya jabali linalotazama bahari, lenye vyumba zaidi ya 100 na bwawa la pembe nane. Pia aliugeukia msikiti. Akauongeza kwa upande wa kusini mara kadhaa ya ukubwa wake wa awali, na kwenye kona yake akaweka chumba chenye kuba ambayo wataalamu wa majengo huitaja kuwa ilikuwa kubwa kuliko zote Afrika Mashariki hadi karne ya 19.

Mwaka 1331 msafiri kutoka Morocco, Ibn Battuta, alifika Kilwa. Aliusifu mji, akamsifu sultani kwa ukarimu wake, na akasimulia kisa kimoja ambacho watoto hukipenda. Ijumaa moja sultani alikuwa ametoka kuswali. Fakiri kutoka Yemen akamsimamisha njiani, akamwomba nguo alizovaa. Sultani hakusema njoo kesho. Aliingia kwenye nyumba ya khatibu, akavaa nguo nyingine, akampa mtu yule zile alizozivua. Watu wakampongeza sana.

Kuna mwendelezo ambao wasimuliaji wengi huuruka, na mzazi aamue mwenyewe umri wa kuusema. Mtoto wa sultani alizirudisha zile nguo na kumlipa fakiri watumwa 10. Sultani alipoona watu wanavyosifu, akaongeza watumwa wengine 10 na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Watu 20 walitolewa zawadi siku hiyo, na hakuna aliyeandika majina yao. Msikiti mzuri na jambo hilo vilikuwa katika mji mmoja, wakati mmoja. Mtoto wa miaka kumi anaweza kuyabeba yote mawili.

Siku paa liliposhuka

Nguzo za sehemu mpya zilikuwa za kuvutia. Kila moja ilichongwa kutoka kwenye pande moja la tumbawe. Lakini zilikuwa nyembamba, na paa la mawe na chokaa ni mzigo. Sehemu ile kubwa haikufikisha miaka 100. Iliporomoka.

Tarikh ya Kilwa, kumbukumbu ya masultani iliyoandikwa karne ya 16, inasimulia kwamba baada ya hapo watu waliswali chini ya mahema. Fikiria mji wenye dhahabu, wenye sarafu zake wenyewe zilizochorwa majina ya masultani, unaswali chini ya turubai kwa miaka. Ujenzi upya ulikuja mwanzoni mwa karne ya 15. Tarikh hiyo inaeleza kuwa mkubwa mmoja wa mji aliomba ruhusa ya kuujenga kwa mali yake. Sultani akamwambia hatamruhusu mpaka apokee mithqali 1,000 za dhahabu kutoka kwake. Yule bwana akapokea, akaziweka, akajenga kwa fedha zake, na sultani alipofariki akazirudisha kwa warithi. Kamati za ujenzi za mitaani kwetu zingefurahi kumpata mweka hazina wa namna hiyo.

Mafundi wa mara hii walikuwa wamejifunza. Hawakurudia nguzo nyembamba za kipande kimoja. Walijenga nguzo nene za pembe nane kwa mawe madogo na chokaa, wakaziunganisha kwa matao, na juu ya matao wakaweka kuba na mapaa ya mviringo. Uzito wa kuba hushuka kwa pembeni, ukapita kwenye tao, ukaingia kwenye nguzo na kwenda ardhini. Boriti haihitajiki tena. Ukumbi una nafasi 30 zilizogawanywa hivyo, na sehemu kubwa ya nguzo na matao hayo ndiyo inayoonekana leo. Jengo lililosimama miaka 600 ni lile la mafundi waliotanguliwa na ajali.

Anayeishi Kinondoni anaweza kuiona tofauti hiyo bila kusafiri. Msikiti wa Mfalme Mohammed VI, uliojengwa makao makuu ya Bakwata kwa msaada wa Morocco baada ya ziara ya mfalme huyo nchini mwaka 2016, una ukumbi mpana wa kupokea maelfu ya waumini. Nondo na zege vimefanya kile ambacho boriti ilikataa.

Mawe ya kusugulia miguu

Kwa familia, huenda sehemu yenye mazungumzo mengi zaidi haiko ndani ya ukumbi. Iko nje, upande wa kusini, kwenye ua wa kutawadhia. Kuna kisima, kuna birika la kuhifadhia maji, kuna choo, na sakafuni yamepachikwa mawe ya mviringo, yenye mgongo kama mkate wa kumimina uliogeuzwa. Hayo ni mawe ya kusugulia miguu.

Mzazi yeyote aliyewahi kubishana na mtoto kuhusu kuosha miguu kabla ya kupanda kitandani ataelewa mara moja. Watu walitoka sokoni, bandarini na mashambani, peku au kwa ndara, wakapita kwenye vumbi na matope ya samaki. Maji peke yake hayatoi uchafu wa nyufa za kisigino. Kwa hiyo fundi akaweka jiwe pale pale mguu unapokanyaga, na kila aliyeingia kuswali alisugua. Mji wa karne nyingi zilizopita ulikuwa na sehemu ya umma ya kunawia, yenye maji, choo na kifaa cha kusugulia, iliyotumika mara tano kwa siku. Shule nyingi za msingi za pembezoni mwa Dar es Salaam zingependa kuwa nayo.

Isipambwe kupita kiasi, lakini. Birika lile lilikuwa la maji yaliyotuama, na watu wengi walichota humo humo. Kisima na choo viko ndani ya eneo moja. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba kipindupindu na homa ya matumbo husafiri kwa njia hiyo. Sisi tunajua, na bado kwenye nyumba nyingi za Mbagala, Charambe na Chamazi kisima na shimo la choo vinagawana kiwanja kimoja kidogo, wakati wataalamu wa afya hushauri viachane angalau mita 30. Mtoto akiuona ua ule wa Kilwa, swali la nyumbani kwao linaweza kufuata. Mzazi awe amejiandaa: maji ya kisima cha namna hiyo ni ya kuchemsha au kutia dawa kabla ya kunywa, hata yakiwa meupe kama kioo.

Nani aliujenga?

Hili ndilo swali ambalo majibu yake huumiza yakitolewa vibaya. Kwa miaka mingi watoto walisoma kwamba miji ya mawe ya pwani ililetwa na wageni, na kwamba wenyeji waliikuta tayari. Mtoto wa Temeke anayebaki na jibu hilo anapita kwenye Barabara ya Kilwa akidhani jina lile si lake.

Simulizi ya Kilwa inasema Ali bin Hasan, mtoto wa mtawala wa Shiraz huko Uajemi, alikinunua kisiwa kwa mwenyeji wake kwa nguo za kutosha kukizunguka. Ni kisa kizuri. Angalia pia kinachosemwa na kisa chenyewe: palikuwa na mwenyeji wa kuuza, na palikuwa na bei. Uchimbaji wa mambo ya kale uliofanywa na Neville Chittick kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, na wengine waliomfuata, ulionyesha watu waliishi pale tangu karibu karne ya 9, kwenye nyumba za miti na udongo, wakivua, wakifua chuma na kufinyanga vyungu vya hapa hapa, kabla ya jiwe la kwanza la msikiti kuwekwa.

Mwaka 2023 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu waliozikwa katika miji ya kale ya pwani, ikiwamo Kilwa na Songo Mnara. Wengi wao walikuwa na damu ya Afrika na ya Asia. Upande wa Afrika, ambao kwa wengi ulizidi nusu, ulitoka hasa kwa akina mama. Upande wa Asia ulitoka zaidi kwa wanaume wa Kiajemi, na kuchanganyika kulianza karibu mwaka 1000. Kwa maneno ya nyumbani: baba alikuja na jahazi, mama alikuwa wa hapa, na watoto wakazungumza lugha ya mama. Lugha hiyo ndiyo mtoto anayoulizia swali kwenye daladala.

Kinachoumega sasa

Wareno waliuvamia mji mwaka 1505 chini ya Francisco de Almeida, wakapora, wakaweka ngome. Biashara ya dhahabu ikayumba, Kilwa ikanyong'onyea, ikafufuka kiasi katika karne ya 18, kisha watu na biashara wakahamia Kivinje upande wa bara. Msikiti ukabaki na popo na mizizi.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya Unesco mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu bahari ilikuwa inakula ufukwe, mvua ikipenya kwenye kuta na miti ikipasua mawe. Kazi ya kuimarisha kuta, kufyeka na kurejesha mikoko ufukweni ilisaidia, na mwaka 2014 yakaondolewa kwenye orodha hiyo. Haina maana kwamba bahari imeacha. Mikoko ile ile iliyotoa boriti za paa la kwanza sasa inahitajika ikiwa hai, imesimama kwenye tope, kuzuia mawimbi. Anayekata mikoko Kilwa ili apate mkaa anaufungulia mlango maji ya chumvi.

Kama unataka kuwapeleka

Mabasi ya kusini hupakia Mbagala Rangi Tatu, na safari ya hadi Kilwa Masoko huchukua saa tano au zaidi. Masika si wakati wake. Mei 2024 mvua zilikata barabara eneo la Somanga na wasafiri wakakwama. Kibali cha kuingia kwenye magofu hupatikana Kilwa Masoko kabla ya kuvuka. Chukueni maji ya kutosha na kofia, kwa sababu jua la kisiwani halina huruma kwa mtoto mdogo, na wavalisheni viatu vya kufunika vidole. Mawe ya matumbawe hukata. Wakatazeni kupanda kuta. Kisiwa kina kijiji na watu wanaishi humo, kwa hiyo salamu kwanza, picha baadaye, na mavazi ya heshima kama mnavyokwenda kwa wakwe. Bila kufika kwenye Msikiti Mdogo wa Kuba, ulio hatua chache kutoka ule mkuu, msirudi: una bakuli za kung'aa zilizopachikwa darini, na watoto huziona kabla ya wakubwa.

Nauli ikigoma, Dar es Salaam ina vya kuanzia. Kunduchi, karibu kabisa na hoteli za ufukweni, kuna magofu ya msikiti yanayokadiriwa kuwa ya karne ya 15 au 16, na makaburi ya nguzo yaliyopambwa kwa sahani za Kichina. Ng'ambo ya Kigamboni, Mbwamaji ina mabaki yake. Makumbusho ya Taifa, mjini, ina sarafu na vyombo vilivyochimbwa Kilwa.

Na kwa jioni ya leo, wakati foleni imeisha na chakula kiko jikoni, mpe mtoto futi kamba ya fundi. Apime mita mbili na nusu kutoka ukuta wa sebule, aweke alama sakafuni kwa chaki. Hapo ndipo nguzo ya kwanza ingekaa. Kisha apime tena, aone kochi, televisheni na kitanda cha mdogo wake vingepangwaje katika nyumba ya Kilwa.